Chaja Rahisi na Mlango Mmoja

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walimu huitumia methali hii kuwahimiza wanafunzi washirikiane, na ni vyema. Lakini yafaa leo tuitazame kwa maana yake ya wazi. Kijinga kimoja hufuka moshi tu; viwili vikikutanishwa, mwali hupanda. Ndivyo ilivyo hatari inayolala nasi vyumbani huku Likoni, Kisauni na Changamwe. Kijinga cha kwanza ni betri ya lithiamu pamoja na chaja ya bei ya chini. Cha pili ni chumba chenyewe tunamolala.

Betri hizi zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu walioziasisi walituzwa Nobeli ya kemia. Leo zimo katika simu, kurunzi, taa za sola, tarakilishi za mkononi na hata pikipiki za umeme. Hakuna anayeweza kukana manufaa yake. Hata hivyo, ndani ya kila betri mna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, na zote zimeloweshwa katika kimiminika kinachoshika moto. Utando huo ukitobolewa, ukiyeyushwa na joto au ukiharibiwa kwa kuchajiwa kupita kiasi, tabaka hukutana na shoti hutokea. Hapo joto huzaa joto jingine, gesi zenye sumu hufumka, na betri huwaka ghafla. Hata ikizimwa, yaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.

Kazi ya chaja ni kuupokea umeme wa volti 240 na kuushusha hadi kiasi ambacho simu yaweza kuvumilia. Chaja iliyoundwa kwa uangalifu hutenga kabisa upande wa umeme mkali na upande wa simu, na hujidhibiti ipatapo moto. Chaja ghushi hupunguziwa vipuri hivyo ili iuzwe rahisi. Kwa nje zote mbili hufanana. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Desturi zetu nazo huongeza hatari. Nani hajaona plagi ya miguu miwili ya mviringo ikilazimishwa katika soketi ya matundu matatu, huku kifuniko cha ndani kikifunguliwa kwa kijiti au kalamu? Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, nayo huyeyuka mkondo uzidipo. Ile ya miguu miwili haina. Tena hukaa kwa kulegea, na palipolegea pana cheche. Upepo wa bahari, wenye chumvi na unyevu, nao hula shaba ya soketi na kuongeza ukinzani. Mwanafunzi wa fizikia anajua matokeo yake: ukinzani ukiongezeka mahali mkondo unapopita, joto huongezeka, na mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Basi afikirie ekstensheni moja inayolisha runinga, pasi, feni na simu nne za wapangaji.

Wenye uwezo kutushinda wamekwisha kuonja shubiri hii. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo iliyobeba betri za lithiamu ilishika moto baada ya kuruka kutoka Dubai, ikaanguka na kuwaua marubani wake wawili. Katika jiji la New York, moto wa betri hizi, nyingi zikiwa za baiskeli za umeme, uliwaua watu 18 mwaka 2023. Mwaka huo huo jiji lilipiga marufuku uuzaji wa baiskeli za umeme na betri zisizothibitishwa ubora.

Sasa tukigeukie kijinga cha pili. Chumba cha kupanga katika mitaa kama Mtongwe, Mishomoroni au Chaani aghalabu kina mlango mmoja na dirisha lenye vyuma vya kuzuia wezi. Humo mna godoro la sponji, pazia, nguo na mtungi wa gesi. Soketi, mara nyingi, ni moja tu, nayo iko karibu na mlango au kitanda. Moto ukianzia hapo usiku, aliyelala amezibiwa njia kabla hajaamka.

Pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya njia iliyozibwa. Mnamo Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Wasichana ya Bombolulu, karibu na Mazeras, wakiwa nyuma ya milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Je, mtoto huyo huyo arudipo likizoni, uhai wake umepungua thamani?

Wengi hukimilia kumwambia maskini anunue chaja halisi. Ushauri huo ni sahihi, lakini hautoshi. Mchuuzi huuza anachokipata, na mnunuzi hununua anachokimudu. Bidhaa hizi hazikuota Kongowea kama uyoga. Nyingi zilipita bandarini. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lipo, na sheria dhidi ya bidhaa ghushi ipo tangu mwaka 2008. Lawama ianzie langoni, isianzie kwa mama aliyenunua chaja kivukoni Likoni. Mwenye nyumba naye apokeaye kodi kila mwezi ana wajibu wa kubadilisha soketi zilizoungua na kuweka dirisha lenye vyuma vinavyofunguka kwa ndani.

Wakati tukingoja hayo, yako yasiyogharimu hata senti. Tuchaji simu tukiwa macho, juu ya sakafu au meza, kamwe si juu ya godoro wala chini ya mto. Tusichaji kando ya mlango tunaoutegemea kutokea. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutumiwa tena. Itolewe nje, iwekwe mbali na vitu viwakavyo. Moto ukizuka, watu watoke kwanza. Maji yasimwagwe kabla umeme haujakatwa.

Walimu, somo hili halihitaji maabara. Mwambieni kila mwanafunzi achore chumba chao, aonyeshe soketi, kitanda na mlango, kisha aueleze mchoro huo nyumbani. Kukitenganisha kijinga na kijinga si kazi kubwa, mradi ifanywe kabla ya usiku kuingia.