Umepiga dawa na waru bado zinajikunja? Angalia mbegu

Hebu niambie ukweli: ukirudi ushago na pesa kidogo ukodi shamba upande waru, mbegu utatoa wapi? Kama jibu ni "sokoni, zile ndogo ndogo za bei ya chini", kaa hapo tuongee. Mimi nilipita njia hiyo.

Baada ya kuacha chuo nilikodi robo ekari sehemu za juu za Embu. Nikaenda Meru, nikanunua magunia manne ya Shangi ya kilo 50. Mimea ilipofika magotini, majani ya chini yakaanza kujikunja kuelekea juu, makavu, ukiyashika yanalia kama karatasi. Nikapiga dawa. Nikarudia. Mwishowe nikavuna magunia tisa tu. Shosho wa shamba jirani aliniambia, "Mjukuu wangu, huo ugonjwa ulikuja nao ndani ya gunia."

Alisema kweli. Wanaousambaza ni vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani wakifyonza utomvu. Kuna virusi viwili sumbufu sana. PVY huleta mabaka na mikunjo kwenye jani. Kidukari hukibeba mdomoni, na sekunde chache za kuonja zinatosha kukichukua na kukiacha kwa mmea mwingine. Dawa ikija kumuua, ashaambukiza. PLRV, kile cha kukunja majani, humhitaji afyonze kwa saa kadhaa, lakini akikipata anabaki nacho hadi kufa. Kwa hiki, dawa inasaidia kiasi. Ila mmea ukishaugua hakuna cha kuuponya, na viazi vyake vinabeba virusi hadi msimu ujao.

Sasa cheki mtego ulipo: mmea mgonjwa huzaa viazi vidogo. Sisi tunauza vikubwa, vidogo tunafanya mbegu. Yaani kila msimu tunachagua ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe.

Ukiweza, nunua mbegu iliyoidhinishwa na KEPHIS. Hata hapo Timau inakuzwa. Najua bei inauma. Ndiyo maana nakupa mbinu ya vijiti, ambayo Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP) na KARI, sasa KALRO, walifunza wakulima Kenya miaka ya 2000. Kwenye majaribio ya wakulima, mavuno yalipanda kwa karibu thuluthi moja.

Iko hivi. Waru zikianza kutoa maua, kabla majani hayajafunika mistari, pita shambani uchomeke kijiti kando ya kila mmea wenye afya. Baada ya wiki mbili rudi. Ulioanza kuugua, ng'oa kijiti chake. Wakati wa kuvuna, anza na yenye vijiti, shina moja moja. Shina lenye viazi vingi vizuri, weka mbegu. Lenye vidogo au vilivyopinda, peleka jikoni. Kuvila hakuna shida.

Pia ng'oa waru zinazojiotea zenyewe baada ya mavuno, kwa sababu virusi hukaa humo vikingoja vidukari.

Msimu huu nilizunguka shamba lote na vijiti mkononi. Nusu ya mimea haikupata. Iliniuma, lakini angalau safari hii najua ni ipi sitaipanda tena.