Chura Mwenye Makucha wa Nyanda za Juu za Kigoma

Vijito vya nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kitahana wilayani Kibondo hadi Kasulu, humwaga maji yao katika mto Malagarasi. Katika maji yaliyotuama ya nchi kama hii huishi chura mwenye makucha, ambaye hutoka majini kwa nadra, hasa usiku wa mvua. Hana ulimi, chakula hukisukumiza kinywani kwa mikono. Vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi, na ubavuni ana alama mfano wa mishono, ambazo kwazo huhisi mitikisiko ya maji.

Kwa umbo hilo, wataalamu walimhesabu kwa miaka mingi kuwa Xenopus laevis, aina iliyoelezwa na Daudin mwaka 1802. Laevis wa Afrika Kusini ndiye aliyepata sifa duniani tangu miaka ya 1930: jike akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai baada ya saa chache, na mimba ikathibitika. Sifa hizo zikamfunika ndugu yake wa huku. Mjerumani Ernst Ahl alikuwa amekwisha kumwita victorianus mwaka 1924, kwa kielelezo cha Busisi, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, lakini jina hilo likateremshwa, likawa la tawi tu la laevis. Hata kuhesabu kromosomu hakukusaidia, kwani wote wanazo 36.

Mwaka 2015 Furman, Evans na wenzao walilinganisha vinasaba, wakaigawa laevis katika aina nne. Laevis halisi alibaki kusini mwa bara, na petersii magharibi, pande za Angola. Poweri huenea kutoka Nigeria hadi Zambia. Victorianus yuko Uganda, Rwanda, Burundi na kaskazini ya Tanzania.

Kibondo inapakana na Burundi, hivyo wa kutarajiwa ni victorianus. Lakini kusini nchi huteremkia vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi, na mbele zaidi ni Zambia, kwa poweri. Macho hayatoshi kuamua. Kielelezo kilichotiwa formalini, kama ilivyo desturi ya shule nyingi, huharibika vinasaba. Yafaa kwanza kukata kipande kidogo cha msuli, kukitia katika spiriti safi, na kuandika jina la kijito na tarehe.