Je, Wajua? Maajabu ya Tangi Lenye Kifuniko cha Buluu

Je, wajua kwamba gari-nyumba la dizeli la siku hizi, lile lenye kitanda, jiko na choo humo humo, lina tangi la pili lisiloingia mafuta hata tone? Kifuniko chake ni cha buluu, na humo hutiwa AdBlue, ambayo Wamarekani huiita DEF. Ni maji yaliyosafishwa asilimia 67.5 na urea asilimia 32.5. Basi, hakuna kingine!

Urea gani? Ile ile, ndugu yangu! Ile inayokuzia mahindi shambani, ile iliyomo kwenye krimu za kulainisha visigino na, usikunje uso, ile iliyomo kwenye mkojo wako. Mtu mzima hutoa kiasi cha gramu 20 hadi 30 kwa siku, na lita moja ya AdBlue ina gramu 350 hivi. Piga hesabu mwenyewe: wiki mbili za safari zako za msalani kwenye lita moja!

Tulia lakini, hakuna anayekusanya mkojo. Urea hiyo hutoka kiwandani, huundwa kwa amonia na kaboni dayoksaidi. Mjerumani Friedrich Wöhler ndiye aliyeifanya dunia ishike mdomo mwaka 1828, alipoipata maabarani bila kuhitaji figo ya kiumbe chochote.

Na usije ukakoroga mbolea ya dukani na maji ya bomba ukadhani umeokoa pesa! Mbolea ina uchafu unaoua mitambo ya ekzosi. Dumu la kweli huandikwa ISO 22241.

Je, wajua kwamba injini haiionji AdBlue kabisa? Hupuliziwa kwenye ekzosi, injini ikiwa imeshamaliza kazi yake. Joto la moshi huigeuza amonia, amonia hukabiliana na oksaidi za naitrojeni, na kinachobaki ni naitrojeni na mvuke wa maji. Naitrojeni ndiyo asilimia 78 ya hewa unayovuta hapo ulipokaa! Wala haibugiwi: lita 2 hadi 5 hivi kwa kila lita 100 za dizeli.

Kwa nini 32.5, si 30 wala 40? Kwa sababu hapo ndipo huchelewa zaidi kuganda: nyuzi 11 chini ya sifuri. Ongeza urea au punguza, itaganda mapema zaidi. Ikiganda hutanuka kwa kama asilimia 7, na gari linawaka vilevile! Kuna kipasha joto kinachoiyeyusha huku wewe ukiendelea na safari.

Sasa sogea, hili ni tamu. Mdomo wa pampu ya AdBlue una upana wa milimita 19, mdogo kuliko wa pampu ya dizeli ya malori, ili mdomo wa dizeli usiingie kwenye tangi lenye kifuniko cha buluu. Pampu nyingi za malori huko Ulaya zinatafuta hata sumaku kwenye shingo ya tangi. Hakuna sumaku? Haitoi tone!

Na bado watu wenye dumu na faneli huimimina AdBlue kwenye tangi la dizeli. Lita moja ya AdBlue ina uzito wa kilo 1.09, nzito kuliko dizeli, kwa hiyo huzama chini kabisa, pale pale mafuta yanapofyonzwa. Ikikutokea, usiwashe gari. Usiguse hata swichi!

Unadhani ni wa magari tu wanaokosea? Mei 2019, huko Punta Gorda, Florida, DEF ilichanganywa kwenye mafuta ya ndege badala ya dawa ya kuzuia barafu. Ndege ndogo ya jeti ikazimika injini zote mbili ikiwa angani, na rubani akaitua salama Savannah. Vimiminika vyote viwili havina rangi!

Je, wajua kinachokupata tangi la AdBlue likikauka? Ulaya, gari dogo lazima lianze kukuonya zikiwa zimebaki kilomita 2,400, zaidi ya kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka. Ukipuuza mpaka tangi likakauka, kisha ukazima injini, haiwaki tena mpaka ujaze. Marekani, magari-nyumba makubwa yamekuwa yakibanwa mpaka maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8. Anayekimbia asubuhi kupunguza kitambi anakupita!

Kali zaidi ilikuwa mwaka 2021: matangi yamejaa, lakini sensa zilizoharibika zinadai hayana kitu, na chipu za kutengenezea sensa mpya zimeadimika dunia nzima. Watu walikwama na nyumba zao barabarani, hadi serikali ya Marekani ikaruhusu injini zibadilishiwe programu kwa muda. Tangi halikuwa na kosa lolote!

Mwaka huo huo China ilibana uuzaji wa urea nje, na Korea Kusini ikabanwa pumzi. Serikali ikatuma ndege ya jeshi mpaka Australia kuleta zaidi ya lita 20,000 za kimiminika hiki. Ndege ya jeshi, msomaji, kwa ajili ya maji na urea!

Na AdBlue ina umri wake. Kwenye nyuzi 25 hukaa miezi 18, kwenye nyuzi 35 miezi 6 tu, na gari-nyumba ni chombo kinachoweza kulala uani miezi kadhaa. Ikimwagika na kukauka huacha chembe nyeupe kama chumvi. Maji ya vuguvugu yanatosha kuziondoa.

Kwa hiyo ukikodi gari-nyumba Ulaya au Marekani, tazama tarehe kwenye dumu kabla ya kulipa, na usome kifuniko mara mbili kabla ya kumimina.