Juzuu Thelathini Kabla ya Pilau

Vilima vya Kilungu, kaunti ya Makueni, ni nchi ya makanisa. Huko ndoa hutambulika kwa mbuzi wa ntheo; wasipofika kwa wazazi wa binti, wazee hawaoni kwamba kuna aliyeoa. Lakini barabara kuu ya Mombasa iko chini tu ya vilima, na wapo mabinti wa Kikamba wanaoolewa pwani na vijana wa Kiislamu. Hapo ndipo wakwe hukutana na kisomo, yaani usomaji wa Qurani kabla ya harusi.

Siku chache kabla ya nikahi, mikeka hutandikwa na chetezo cha ubani kinafuka. Sanduku hufunguliwa: msahafu umegawanywa vijitabu 30, juzuu moja kila kijitabu. Kila mtu huchukua chake na wote husoma kwa pamoja, kila mmoja pake, hata mgeni asikie mvumo tu. Wakitimia watu 30, Qurani nzima humalizika kwa muda wa juzuu moja. Juzuu Amma, yenye sura 37 fupi fupi, ndiyo inayogombewa. (Ukitaka kujua nani alikuwa mtoro chuoni, tazama nani anaiwahi.)

Kisha dua, na uzito wote uko hapa. Marehemu wa ukoo hutajwa kwa majina, wakaombewa rehema, ndipo harusi iendelee. Ami aliyenuna kwa ajili ya shamba anaweza kususia ngoma na pilau. Kukataa juzuu ya kumrehemu baba yake mwenyewe ni vigumu. Akishakaa mkekani, suluhu imeanza.

Si wote wanaoafiki. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mfasiri wa Qurani na Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, aliandika kukemea bidaa, yaani mambo yaliyozushwa katika dini, na wenye msimamo huo husema nikahi yatosha: walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, mahari. Kifiqhi, kweli, kisomo si sharti. Ila nikahi ni ya dakika chache, na ami hapatanishwi kwa dakika chache.

Kwa wakwe wa Kilungu ugumu uko kwingine: wafu wao Wakristo hawatajwi katika dua ile ya rehema. Imamu mwenye busara huziombea baraka nyumba zote mbili, akaishia hapo. Wazee nao husubiri zamu yao siku ya ntheo, ambapo hutafutwa Mwislamu wa kuchinja mbuzi ili wageni wa pwani wapate kula.