Raha ya Senema Isiyokuwa na Kisa

Wahakiki wa senema wana mizani yao, na aghalabu kitu cha kwanza kutiwa katika mizani hiyo ni kisa: nani anataka nini, nani anamzuia, na mwishowe amepata au amekosa. Kwa kipimo hicho, senema ya Hatari!, iliyoongozwa na Mmarekani Howard Hawks, ikapigwa picha Tanganyika na kutolewa mwaka 1962, ilionekana na wengi kuwa imepungua. Walinung'unika kwamba inatumia dakika 157, yaani zaidi ya saa mbili na nusu, kueleza habari inayotosha kuandikwa nyuma ya bahasha. Kwamba mahaba yake ni ya kitoto, na mzaha wake umepita kiasi. Manung'uniko hayo ni ya haki, wala sina nia ya kuyakanusha. Ninalodai ni kwamba mtu aweza kuyakubali yote, kisha akaketi akaitazama senema hiyo tangu mwanzo hadi tamati kwa furaha tele, na asihitaji kutoa udhuru kwa yeyote.

Kisa chenyewe, kwa kadiri kilivyo, ni hiki. Kundi la wakamataji wanyama, Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa, Mmeksiko na wenzao, linakaa katika shamba karibu na Arusha, na kila kukicha linatoka kwenda mbugani kuwatia kamba twiga, punda milia, nyati na vifaru kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Mkuu wao ni Sean Mercer, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na John Wayne. Anafika mwanamke mpiga picha kutoka Italia, Elsa Martinelli katika jina la Dallas. Mercer anampenda, walakini anaogopa kunena. Basi. Hakuna adui, hakuna hazina iliyofichwa, hakuna siri ya kufichuliwa.

Wembamba huu una sababu, na sababu yenyewe ni shani kuliko visa vingi vilivyoandikwa kwa ufundi. Hawks na watu wake walipofika Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960, hawakuja na wanyama waliofunzwa wala hawakutaka hila za kamera. Walimchukua Willy de Beer, mkamataji wanyama wa nchi hiyo hiyo, awe mshauri wao, kisha waigizaji wenyewe wakapanda magari na kuwafukuza wanyama wa porini. Kwa kuwa hakuna awezaye kumwamuru kifaru aje saa fulani na kufanya jambo fulani, mwandishi Leigh Brackett alilazimika kuufuatisha mchezo wake na yale ambayo mbuga ilikubali kutoa. Anayelalamika kwamba hadithi haina mifupa, analalamikia jambo lile lile lililoleta nyama.

Mtazame Wayne, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, ameketi juu ya kiti kilichofungwa nje, penye ubavu wa mbele wa gari, na mkononi ameshika mti mrefu wenye kitanzi, ilhali gari linaruka mashimo na vichuguu katikati ya vumbi, na kifaru, badala ya kukimbia, anageuka na kulipiga pembe gari lenyewe. Kifaru ananaswa, anaponyoka, hapana budi anaswe tena. Na nyuso za wanaume wale zinaonyesha jitihada na hofu ambazo hakuna shule ya maigizo iwezayo kuzifundisha. Husimuliwa kwamba sauti za mashindano hayo zilibidi kurekodiwa upya baadaye, kwa sababu maneno yaliyomtoka Wayne katika taharuki ile hayakufaa masikio ya watoto. Nami nasadiki.

Hapo ndipo ilipo raha ya senema hii: katika kuwatazama watu wanaoijua kazi yao wakiifanya pamoja kwa maneno machache, kisha jioni wakirudi nyumbani kuoga, kunywa, kuimba na kutaniana. Duma aliyefugwa anapita ndani ya nyumba kama mwenye nyumba, na ndovu watoto watatu wanamfuata Dallas hadi anaitwa Mama Tembo. Henry Mancini aliwatungia ndovu hao muziki wa kuchekesha uliokuja kujulikana duniani kote, hata na watu ambao senema yenyewe hawajapata kuiona.

Huko Ufaransa palikuwa na wahakiki vijana walioiona kwa jicho jingine. Jean-Luc Godard aliiweka mbele ya senema zote za mwaka ule, na tangazo lake laonekana ukutani katika senema yake mwenyewe, Le Mépris, ya mwaka 1963. Sisemi hivi ili niazime heshima ya Wafaransa. Raha isiyosimama mpaka ishikiliwe na mtu mashuhuri ni raha dhaifu.

Taksiri kubwa ya Hatari! ni nyingine, na kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki inauma kuliko urefu wa dakika. Picha zilipigwa takriban mwaka mmoja tu kabla ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini katika senema hakuna dalili ya uhuru huo hata moja. Mwafrika humo anabeba, anashika kamba, anacheka, anapokea amri. Habari za moyo wake haziulizwi. Nayo biashara ya kuwatoa wanyama nchini inaonyeshwa kama mchezo wa wavulana. Mwenye macho ataona hayo, na ni vyema ayaone, lakini kifaru yule atakapogeuka, bado atajikuta amekaa ukingoni mwa kiti.

Hardy Krüger, aliyekuwa Mjerumani wa kundi lile, alivutwa na nchi hiyo hata akanunua shamba Momela, chini ya Mlima Meru, akakaa huko miaka mingi; nyumba ya wageni iliyopo hapo leo ina jina la senema hiyo. Kwa atakayeitafuta kuitazama na jamaa zake, ushauri wangu ni aanze mapema jioni, na wala asiwalaze watoto kabla ya mwisho, maana ndovu watatu wanaingia mjini Arusha mbio, madukani na hotelini, katika dakika za mwisho kabisa. Sehemu za katikati, ambapo Wayne na Martinelli wanaviziana kwa maneno, zinafaa sana kwa kwenda kuchemsha chai.