Kiongozi cha Mwalimu na Mtoto wa Bukundi



Nimeombwa nizungumzie habari na zana zinazomfikia mwalimu wa shule ya umma. Mada hiyo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa elimu, nami ni mwanaisimu. Ningeweza kuomba radhi na kuwapisha wenye fani. Sikufanya hivyo kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya kinachokosekana katika zana hizo ni kitu tulichonacho sisi, ambacho hatujapata kumpelekea mwalimu.

Nianze na jina la kitabu. Kile kitabu ambacho Taasisi ya Elimu Tanzania humtungia mwalimu ili kimwongoze katika kufundisha huitwa Kiongozi cha Mwalimu. Tazameni hiyo “cha”. Tungekuwa tunamsema mtu tungesema “kiongozi wa walimu”. Nomino ni ileile, kiambishi ni kilekile cha ki-, lakini ikitaja mtu hupatanishwa kwa a-/wa-, na ikitaja kitu hupatanishwa kwa ki-/vi-. Kwa hiyo kanuni ya upatanisho wa viumbe hai, mojawapo ya kanuni zinazomsumbua zaidi mtoto anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, imechapwa juu ya jalada. Je, mwalimu akilifungua jalada hilo atapata humo maelezo ya kumsaidia kumfundisha mtoto kanuni hiyo?

Twende Bukundi. Hii ni kata ya Wilaya ya Meatu, katika Mkoa wa Simiyu, upande wa kuelekea Mto Sibiti, ule unaotoka Ziwa Kitangiri na kumwaga maji yake katika Ziwa Eyasi. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa hasa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya pamba na ng’ombe. Lugha kubwa ni Kisukuma. Lakini katika Meatu wapo pia Wataturu, ambao lugha yao si ya Kibantu, na wapo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Mtoto wa huko anapoingia Darasa la Kwanza hukutana na Kiswahili kama lugha ya kufundishia na kama somo kwa wakati mmoja. Kwa mtoto wa Magomeni mambo hayo mawili hayatofautiani. Kwa huyu ni milima miwili.

Sasa chukueni sentensi moja. Mwalimu anaonyesha picha, anauliza ng’ombe anafanya nini. Mtoto, aliyechunga tangu alipoweza kushika fimbo, anajibu: “Ng’ombe inakunywa maji.” Mwalimu anasahihisha: “Anakunywa.” Mtoto anakaa, na pengine hatanyosha mkono tena wiki hiyo. Amekosea nini? Kwa mujibu wa Kiswahili sanifu, amekosea. Kwa mujibu wa sarufi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, amepatanisha sawasawa: nomino ya ngeli ya N imepata upatanisho wa ngeli ya N, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili ndicho kilichoiacha njia hiyo na kuwapa viumbe wote upatanisho wa watu. Tena hakikuiacha kabisa. Tunasema “rafiki yangu anakuja”, si “rafiki wangu”. Tunasema “baba yangu”, na wengi wetu, hata wenye shahada, tunasema “ng’ombe zangu”. Mwalimu anayejua hayo hatamwambia mtoto “umekosea” akaishia hapo. Atamwambia kwamba kwa Kiswahili ng’ombe huhesabiwa pamoja na watu, na mtoto wa mfugaji hatashangaa sana kusikia hivyo.

Ninazungumza haya si kama mtazamaji tu. Nilianza shule mwaka 1968, katika kijiji cha Usukuma, nikijua maneno machache ya sokoni. Siku moja nilimwambia mwalimu kwamba nimesahau “karamu” nyumbani. Nilichapwa, na darasa likacheka, kwa kuwa hata wao walikwisha kuambiwa kwamba karamu ni sherehe na kalamu ni chombo cha kuandikia. Ilinichukua miaka zaidi ya kumi, na kozi nzima ya fonolojia, kuelewa kilichonipata. Kisukuma hakitofautishi /l/ na /r/. Mtoto husema “lafiki” badala ya “rafiki”, anasahihishwa, anasahihishwa tena, kisha anaamua kwa busara yake kwamba Kiswahili kinapendelea /r/, na kuanzia hapo anaipachika hata pasipostahili. “Karamu” yangu haikuwa uzembe. Ilikuwa ni ushahidi kwamba mtoto ameshajifunza kuwa tofauti ipo, ila hajajua mipaka yake. Mwalimu wangu alikuwa mtu mwema. Hakuna aliyempa taarifa hiyo.

Ipo mifano mingine ya namna hiyo, nami nitaipitia upesi. Sauti /th/, /dh/ na /gh/ hugeuka /s/, /z/ na /g/, hata “thamani” ikawa “samani”. Ingawa kwa hili sharti tuwe waungwana, maana nusu ya Watanzania hufanya vivyo hivyo, wakiwemo walimu wanaosahihisha. Udogo katika Kisukuma huonyeshwa kwa ka- na tu-, basi mtoto atasema “katoto” ambapo kitabu kinataka “kitoto”. Kwa upande wa irabu mambo yamegeuka: Kisukuma kina irabu saba, tena hutofautisha fupi na ndefu, na juu ya hayo kina toni. Kiswahili kina irabu tano na mkazo unaokaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Huyu mtoto, ambaye taarifa za shule humwita asiyejua lugha, ana masikio yanayosikia zaidi ya Kiswahili kinavyomdai.

Na kuna lile la nazali. Mwalimu mgeni anayepangiwa Meatu hushuka Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya, na katika orodha ya kata atakuta jina Ng’hoboko. Hiyo “nh” na hiyo “ng’h” ni nazali zisizo ghuna, sauti ambazo Kiswahili hakina. Kibao cha mji kinampa somo la kwanza la fonolojia kabla hajafika shuleni. Angalieni Kisukuma munhu na banhu, na Kiswahili mtu na watu. Lugha mama ya Kibantu ilikuwa na mfuatano wa nazali na /t/. Kiswahili kikaangusha nazali kikabakiza /t/. Kisukuma kikaangusha /t/ kikabakiza nazali, nayo ikapoteza mghuno. Ni neno moja lililoachwa na mzee mmoja kwa watoto wawili, kila mmoja akachukua nusu. Mtoto akionyeshwa jozi chache za aina hii, munhu na mtu, ng’wana na mwana, mbuli na mbuzi, ataanza mwenyewe kuzitafuta nyingine. Hiyo ni zana, na haihitaji umeme.

Maarifa haya hayakufichwa. Irvine Richardson aliandika juu ya toni ya Kisukuma, akachapishwa London mwaka 1959. Profesa Herman Batibo, mwenzetu aliyebobea katika lugha hiyo, alichapisha uchambuzi wake wa fonolojia na mofolojia ya Kisukuma mwaka 1985, Paris, kwa Kifaransa. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilihimiza lugha za jamii zitafitiwe na kuandikwa. Basi lugha ya mtoto wa Bukundi imeelezwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa; mtu ambaye hajaelezwa ni mwalimu wake, na lugha ambayo maelezo hayo hayajatumia ipasavyo ni ile anayofundishia.

Hali haikuwa hivi daima, au tuseme uhusiano wa mwalimu na taarifa umepitia sura nyingi. Idara ya Elimu ya Tanganyika ilipoanzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, mwalimu wa kijijini alikuwa miongoni mwa wasomaji wake wa kwanza, na mara nyingi ndiye aliyewasomea wengine. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliundwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya vitabu vya shule: usanifishaji wa Kiswahili, tunaoufundisha kana kwamba ni tukio la kiisimu, ulikuwa kwanza shughuli ya kumpa mwalimu kitabu kimoja. Hapo ndipo faida na hasara zilipoanzia pamoja. Kitabu kimoja kwa wote kilirahisisha uchapaji na kuunganisha nchi. Lakini kitabu kimoja hakiwezi kujua kama msomaji wake yuko Pemba au Meatu.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipohitaji maelfu ya walimu kwa haraka ili kutimiza elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa huko huko waliko, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mazoezi ya darasani. Wamesemwa sana walimu hao wa UPE, na baadhi ya yaliyosemwa ni kweli. Hata hivyo, wengi wao walikuwa na kitu kimoja ambacho mhitimu mwenye stashahada anayepangiwa kituo leo kutoka upande mwingine wa nchi huenda hana: mtoto aliponyamaza, walijua ananyamaza kwa lugha gani.

Siku hizi zana ni nyingi kuliko wakati wowote. Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyoanza mwaka 2014 na kumalizika mwaka 2020, iliihusisha Simiyu. Ilitoa moduli za mafunzo ya walimu kazini, na kwa watoto wasiopata elimu ya awali ikaandaa masomo ya utayari yaliyojengwa juu ya hadithi na kuendeshwa na wasaidizi kutoka katika jamii yenyewe. Naona hilo la pili lilikuwa jambo la maana kiisimu, maana msaidizi huyo alikuwa daraja. Programu ya Shule Bora, iliyoanza mwaka 2022, nayo imeujumuisha mkoa huu. Upo utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambamo walimu wa shule moja au shule jirani hukutana katika jumuiya za kujifunza. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako mwalimu mwenye simu na kifurushi husoma vitabu. Waraka uliokuwa ukichukua wiki kufika sasa hufika katika kundi la simu la walimu kabla Afisa Elimu Kata hajaumaliza kuusoma.

Lakini someni lugha ya hizo zana. Umahiri mkuu, umahiri mahususi, vigezo vya upimaji, bungua bongo. Sizipingi istilahi, nimekaa katika kamati za kuziunda. Ninachosema ni kwamba zinamweleza mwalimu jinsi ya kujaza andalio la somo, nalo andalio husomwa na mthibiti ubora. Swali la mtoto wa “inakunywa” haliulizwi na mthibiti, hivyo halina safu yake katika jedwali.

Pendekezo langu ni dogo. Kwa kila lugha kubwa ya jamii inayozunguka shule zetu, tuandae karatasi moja, kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida kisicho na alama za kifonetiki: sauti ambazo mtoto hana na zile alizonazo za ziada, ngeli zinazogongana, jozi ishirini za maneno ndugu, na makosa matano ambayo si makosa bali ni hatua. Isiwe kitabu, kitabu kitasubiri bajeti. Karatasi hupigwa picha na kutumwa kwa simu, na hujadiliwa katika jumuiya ya kujifunza kwa muda wa saa moja. Kazi ya namna hiyo inamfaa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kama tasnifu, na ningependa tuihesabu kuwa tasnifu kamili.

Ya Kisukuma nimeiandika. Katika safari ya utafiti niliipeleka kwenye shule moja ya kata ya Bukundi, nikamsomea mwalimu wa Darasa la Kwanza, dada aliyezaliwa na kukulia pwani. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie pale penye kalamu na karamu, akacheka, akaandika kitu pembeni mwa daftari lake. Kisha akaniuliza, “Shikamoo tena, Profesa, na hawa wangu watatu wa Kitaturu, wao karatasi yao iko wapi?”

Sikuwa nayo. Kitaturu kina sarufi ya namna nyingine kabisa, nami sikijui. Kama yumo humu ukumbini mwanafunzi anayekisema, au aliyekua jirani na wanaokisema, nitakuwa ofisini kwangu kesho kuanzia saa tatu asubuhi.