Mbwa anayekuvuta: ukichagua kamba, mfikirie na jirani

JUMAPILI asubuhi jijini Kigali, barabara kubwa zinapofungwa kwa magari, utaratibu ulioanza mwaka 2016, utaona watu wakikimbia, watoto wakiendesha baiskeli, na hapa na pale mtu akivutwa na mbwa aliyemzidi nguvu. Watazamaji hucheka. Wengine hawacheki kabisa, huvuka upande wa pili wa barabara.

Kwa sisi tuliorejea kutoka uhamishoni, suala la kamba ya mbwa linaweza kuonekana dogo. Kule Karagwe, Tanzania, nilikosomea shule ya msingi, mbwa hakutembezwa. Mchana alifungiwa bandani, usiku akafunguliwa alinde ng'ombe na mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Hapa Kigali nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba na pikipiki za abiria hupita kila dakika. Mbwa wa ulinzi akifungiwa ndani ya ua mwaka mzima huzidi ukali. Lazima atembezwe, na akitembezwa lazima awe mikononi mwa mtu anayemmudu.

Jiji lenye kumbukumbu

Ipo sababu nyingine, nayo ni nzito. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa walikula miili ya waliouawa. Askari waliwapiga risasi wengi, na kwa miaka kadhaa Kigali ilikuwa mji ambao mbwa hawakusikika wakibweka. Mtaani kwetu yupo mama mmoja manusura. Akiona mbwa aliyelegezewa kamba hurudi ndani na kufunga lango. Hajanieleza sababu, nami sijamwuliza. Mbwa wetu, dume chotara wa German Shepherd mwenye kilo 36, hajui historia hiyo. Yeye anataka kunusa tu. Wa kujua ni mimi ninayeshika kamba.

Vivyo hivyo Nyamirambo, ambako Waislamu ni wengi. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na panapoguswa huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Mbwa anayemrukia mtu aliye njiani kwenda msikitini amemharibia safari. Mwenye mbwa hawezi kusema, "Hana neno, anacheza tu."

Shingoni, kifuani au usoni?

Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Isitoshe, akihisi anakazwa upande mmoja, kwa kawaida hujisukuma upande wa pili. Ndiyo maana ukishindana naye kwa nguvu, yeye huongeza nguvu.

Kola ya shingoni inafaa kwa mbwa mtulivu. Kwa anayevuta, hukaba koo, akaanza kukohoa na kukoroma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha pia kuwa mbwa akivuta kwa kola, shinikizo ndani ya macho yake hupanda. Mnyororo wa kujikaza na kola yenye meno hufanya kazi kwa kuumiza, na mbwa anayeumia kila akikutana na mtu anaweza kuanza kumchukia huyo mtu.

Mkanda wa kifuani ni bora, lakini angalia pete ya kufungia kamba iko wapi. Ikiwa mgongoni, umempa mbwa nafasi ya kuvuta kwa kifua kizima, kama wale wavutao sleji kwenye nchi za theluji. Ikiwa mbele, katikati ya kifua, kila akivuta mwili wake hugeuka kukuelekea, naye hupoteza nguvu. Hiyo ndiyo ya kununua. Uvae vizuri: vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili, na makwapa yasichubuke.

Hatamu ya usoni, inayozunguka pua na kisogo, humpa mtu mdogo uwezo wa kumwongoza mbwa mkubwa kama farasi. Lakini mbwa azoezwe taratibu kwa siku kadhaa, na asivutwe ghafla, maana shingo inaweza kuumia.

Kamba yenyewe

Urefu wa mita 1.2 hadi 1.8 unatosha, na njiani penye watu shika fupi. Upana wa sentimita 2 hadi 2.5 hauchani kiganja. Ngozi hushikika vizuri, nailoni ni imara ila huunguza mkono ikichomoka, na mnyororo ni mzito, unaumiza vidole. Iepuke kamba nyembamba inayojikunja ndani ya kishikio. Imekata watu vidole, na humfundisha mbwa kwamba akivuta anaongezewa urefu.

Wafanyabiashara wa mpakani mnaofunga mizigo kwenye malori mnajua mkanda mzuri: tazama mshono na chuma. Mshono uwe wa kurudiwa mara kadhaa, kibanio kiwe cha chuma, na kiungo chake kizunguke ili kamba isijisokote. Usipopata dukani, fundi viatu hodari anaweza kukushonea kwa mkanda wa mizigo. Usijizungushie kamba vidoleni; pitisha mkono kwenye kitanzi, kisha ukishike kiganjani.

Kifaa hakifundishi peke yake. Mbwa akivuta, simama kimya kama mti. Kamba ikilegea, endelea. Akitembea karibu nawe, mpe kipande cha chakula. Nyumba nzima ifuate kanuni hiyohiyo, kwani mmoja akimwacha avute, kazi ya wiki nzima imepotea.

Chanjo na mpaka

Mbwa anayetoka nje awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kusubiri kesho.

Wewe unayetaka kumleta mbwa kupitia Rusumo, Kagitumba au Gatuna, muone kwanza daktari wa mifugo upate cheti cha chanjo na cha afya, na uulize kibali kabla ya kufika mpakani. Ukishafika naye mtaani, mpitishe kwanza mbali kidogo na malango ya watu, kamba ikiwa fupi, mpaka majirani wamzoee.